Salamu za Sikukuu ya Vibanda, kutoka kwenye boma lisilo na paa

Ndugu, jamaa na marafiki, hamjambo huko mliko?

Kwa wachache wenu mnaoingia kibandani jioni ya leo: moadim lesimha, nyakati ziwe za furaha. Nimejifunza kwamba salamu hii ina kiitikio chake, hagim uzmanim lesason, kwa hiyo ninakisubiri. Mtu aliyelelewa kwa shikamoo na marahaba hawezi kuvumilia salamu inayoachwa ikining'inia.

Kwa ninyi wengine, mliozoea kupata ujumbe wangu wakati wa Krismasi na Idi na sasa mnajiuliza huyu naye kahamia wapi, sijahama. Bado ni Mlutheri wa benchi la nyuma. Ila kuna sikukuu moja ya Wayahudi ambayo kila mwaka, mwezi ukishapevuka kati ya mwishoni mwa Septemba na Oktoba, inanigusa mahali pabaya. Inanigusa kwenye nyumba yangu.

Neno lenyewe lilinipoteza miaka mingi. Tulisoma Walawi 23 shule ya Jumapili, "sikukuu ya vibanda", na kibanda nilichokijua mimi kilikuwa cha mama ntilie pale stendi, au cha kijana anayeuza vocha. Nikaamini kabisa kwamba Waisraeli walikuwa na gulio la siku saba na Mungu akalibariki. Baadaye sana ndipo nikaelewa kwamba kibanda hicho, sukkah kwa Kiebrania, hakiuzi kitu. Ni pa kukaa. Siku saba, kuanzia tarehe 15 ya mwezi wa Tishri, mtu anaacha chumba chake cha kulia chakula na kwenda kula nje, chini ya paa la majani. Wengine wanalala humo pia.

Na hilo paa lina masharti! Kuta wala hazina shida, jenga kwa mbao, turubai, matofali, utakavyo. Talmud, kitabu chao kikuu cha mijadala ya sheria, inajadili kwa uzito kabisa kama mtu anaweza kumfunga tembo na kumfanya ukuta mmoja. Jibu ni ndiyo, maana hata akifa mzoga wake bado utakuwa na kimo cha kutosha. (Wanazuoni hao walikuwa wanaishi Babeli, sijui TANAPA wangesemaje.) Lakini paa lazima liwe la kitu kilichoota ardhini na kikakatwa. Kwa hiyo kivuli cha mwembe hakifai, kwani mwembe bado umeshikamana na ardhi. Bati halifai. Mkeka wa kulalia haufai, ila uliofumwa kwa ajili ya kuezekea unafaa, nami niliposoma hapo nikatabasamu, kwa sababu mtu wa pwani haelezwi tofauti ya mkeka na makuti. Kivuli kizidi jua, lakini ni vizuri nyota kubwa zionekane usiku. Kimo kisizidi dhiraa 20, mita tisa au kumi hivi, kwani ukipanda zaidi ya hapo utahitaji msingi na nguzo za kudumu, na kibanda hakitakiwi kuwa cha kudumu.

Yaani sheria nzima imekaa chini ikapanga kwa makini namna ya kupata paa linalovuja.

Sasa mnajua habari za kiwanja changu cha Mkuranga. Boma limesimama. Limefika kwenye linta, likakaa hapo, likaota nyasi sebuleni. Kila mwaka mbao zinapanda bei au kuna ada ya shule au kuna msiba, na kila anayeniuliza lini nitawaita ndugu tukale pamoja nina jibu moja: nikishaezeka. Nikishaezeka nitamwita padri rafiki yangu aje kutania. Nikishaezeka nitamleta mama akae wiki nzima. Mwaka jana shangazi alichoka, akanijibu kwenye simu, "Kwani na furaha yako nayo inasubiri bati?" Shangazi hajasoma Talmud.

Ndiyo maana nimekaa na sikukuu hii muda mrefu. Wayahudi wana majina kadhaa ya siku zao kuu, na katika sala Vibanda huitwa "wakati wa furaha yetu". Siyo Pasaka, iliyowatoa utumwani. Ni hii ya kibanda. Tena inakuja siku tano tu baada ya Yom Kippur, siku ya kufunga na kulia dhambi, na wapo wanaopiga msumari wa kwanza wa kibanda usiku uleule wakishafuturu, kabla mtu hajaanza kujisikia mtakatifu.

Na ni msimu wa mavuno. Hapo ndipo kwenye kiini. Kumbukumbu la Torati linaweka sikukuu hii baada ya nafaka kutoka uwandani na divai kutoka shinikizoni, wakati ghala limejaa. Mfafanuzi mmoja wa Maandiko, wa Ufaransa ya karne ya 12, Rashbam, mjukuu wa mfafanuzi mashuhuri Rashi, alieleza hivi: siku ambazo nyumba yako imejaa kuliko siku zote, ndizo utoke nje ukakae kama babu zako walivyokaa jangwani, usije ukasema moyoni kwamba nguvu za mkono wako ndizo zilizokupatia utajiri huu. Mishna, mkusanyo wao wa kale wa sheria, inasema siku hizo saba kibanda kifanywe ndiyo makazi, na nyumba iwe ya kupita tu. Kwa lugha yetu, kwako kuwe gesti.

Mimi nilidhani somo ni kwa matajiri. Kisha nikaona linanihusu zaidi mimi wa boma, ninayeamini kwamba bati ndilo litakalonifanya mtu.

Kuna kisa nakipenda kuliko vyote. Rabi Akiva na Rabban Gamliel, wanazuoni wa kale, walikuwa safarini baharini, sikukuu ikawakuta majini. Akiva akajenga kibanda chake kwenye omo. Kesho yake upepo ukakichukua. Gamliel akamwuliza, "Akiva, kibanda chako kiko wapi?" Wenyewe walikuwa wanabishana kisheria, kama kibanda kinachoweza kustahimili upepo wa nchi kavu lakini si wa bahari kinahesabika, na Akiva alisema kinahesabika. Mimi nasikia mzaha wa wazee wawili ndani ya jahazi, mmoja ametoka kutwangwa na upepo. Na ndiye Akiva huyohuyo ambaye, wenzake walipofundisha kwamba vile vibanda vya jangwani vilikuwa mawingu ya utukufu wa Mungu, alisema hapana, vilikuwa vibanda kwelikweli. Miti na majani. Inafaa liwe neno la mtu aliyewahi kuona chake kikipeperuka.

Naomba nichepuke kidogo, maana jangwa na kutoka utumwani kunanikumbusha majirani zetu. Huko Mbale, Uganda, wapo Abayudaya, Wayahudi tangu 1919, kiongozi wao Semei Kakungulu alipoamua kuifuata Torati. Idi Amin aliwapiga marufuku, wakabaki mia chache wakisali kwa kujificha. Kampala ikaanguka tarehe 11 Aprili 1979 mbele ya majeshi yetu na wapiganaji wa Uganda, na jioni ya siku hiyohiyo, kwa kalenda ya Kiyahudi, ndipo Pasaka ilipoingia. Wenye baba zenu waliokwenda vita ile, waambieni.

Turudi kibandani, wageni wanafika. Kuna desturi, imetoka katika Zohar, kitabu chao cha mafumbo ya kiroho, ya kuwakaribisha wageni saba wasioonekana, mmoja mmoja kila usiku: Ibrahimu, Isaka, Yakobo, Yusufu, Musa, Haruni, Daudi. Wanaalikwa kwa kauli, kama tunavyosema hodi na karibu. Lakini fungu la mgeni asiyekula linapaswa limfikie anayekula, yaani maskini. Maimonides, yule tabibu na mwanasheria aliyeishi Misri na kufariki mwaka 1204, hakuzungusha maneno: anayefunga mlango wa ua wake siku ya sikukuu akala na kunywa na mkewe na watoto, na asiwape maskini, hiyo si furaha ya ibada, ni furaha ya tumbo lake. Nimeshaila sikukuu nyingi ya namna hiyo. Pilau likanikaa vizuri kabisa.

Sikukuu hii pia ina fungu la mimea minne ambayo watu huishika na kuitikisa pande zote: etrog, tunda la jamii ya ndimu linalofanana na limau nene lenye makunyanzi; kuti changa la mtende lisilofunguka; mhadasi; na tawi la mwerebi. Midrashi, mafundisho yao ya kale ya kufafanua Maandiko, inasema etrog ina ladha na harufu, ni kama mtu mwenye elimu na matendo mema. Tende ina ladha tu. Mhadasi una harufu tu. Mwerebi hauna ladha wala harufu. Na fungu bila mwerebi ni batili. Kila familia ina mwerebi wake, mnamjua, yule asiyechanga na ambaye kwenye kikao hufika chakula kikiiva. Mwaka huu msimwache nje ya kundi la WhatsApp.

Zamani Hekalu liliposimama, furaha ilikuwa kubwa kiasi kwamba Mishna inasema asiyeona shangwe ya kuteka maji hajaona shangwe maishani mwake. Walichota maji chemchemi ya Siloamu wakayamimina madhabahuni, na usiku ua wa Hekalu uliwashwa taa kubwa zenye tambi zilizochanwa kutoka suruali kuukuu za makuhani. Wazee wenye heshima zao walicheza. Rabban Shimoni ben Gamlieli alirusha mienge minane ya moto na kuidaka, hata mmoja usigusane na mwenzake. Wakristo wenzangu, ni katika sikukuu hii, siku ile ya mwisho iliyo kubwa, Yesu aliposimama akapaza sauti kwamba mwenye kiu aje anywe. Tukisoma Yohana 7 bila kujua habari za maji yale, tunasikia nusu.

Maji, kwa sababu ndipo mvua ya mwaka inapoamuliwa. Huko kwao kiangazi kinakwisha, kama sisi tunavyosubiri vuli. Lakini wanasubiri siku ya nane, ile inayofuata zile saba, ndipo waanze kuitaja mvua katika sala. Kuiomba mapema ni kuomba kufukuzwa kibandani. Mishna inauliza: mvua ikinyesha, mtu aondoke lini? Jibu: uji ukianza kuharibika. Hawakuweka kipimo cha maji wala saa. Waliangalia bakuli.

Siku hiyo ya nane ina kovu sasa. Katika Israeli ndiyo siku ya kuifurahia Torati, na tarehe 7 Oktoba 2023 iliangukia hapo. Miongoni mwa waliouawa walikuwamo vijana wetu wawili wa Kitanzania, waliokwenda kujifunza kilimo. Kisha vita ya Gaza, na maelfu kwa maelfu ya waliokufa, na familia zilizokaa kwenye mahema mvua ikiwanyeshea bila kuamriwa na kitabu chochote. Sina neno la kulifunika hilo, wala sitaki kulitafuta. Wapo pia wa karibu yetu, kwenye kambi za wakimbizi za Nyarugusu na Kakuma, ambao kibanda chao hakibomolewi baada ya siku saba. Nikisema habari za uzuri wa paa linalovuja, nawakumbuka kwanza, nanyamaza kidogo.

Wengine wenu mtasema basi tujenge sukkah kanisani, maana siku hizi kuna makanisa yanapuliza hata pembe za kondoo. Mimi nasita. Ile ni ibada ya watu, ina miaka na machozi yake, si mapambo ya kuazima. Kujifunza kwa jirani ni kitu kimoja, kuvaa kanzu yake na kumwelekeza namna ya kuivaa ni kingine.

Ila chakula ninaruhusiwa kuandaa. Jumapili hii, saa kumi jioni, nawakaribisha Mkuranga, kwenye boma lilelile. Nimefyeka nyasi za sebuleni. Mama anakuja, shangazi anakuja, padri amesema anakuja ingawa hatubariki chochote. Nimeomba jirani wawili, mmoja ninayemdai na mmoja anayenidai. Leteni mikeka, ya kukalia. Kutakuwa na wali wa nazi, samaki wa kukaanga, maharage, na kwa wazee uji wa ulezi kwenye chupa kubwa ya chai.

Mawingu nimeyaona, nayajua. Tutakaa hivyohivyo chini ya linta tukitazama nyota mpaka tone lianze kuingia kwenye bakuli la mama. Likiingia, tunakimbilia kwa jirani ninayemdai. Yeye ana bati.