Mgomo wa leo Yerevan, Armenia: kikao hakipo

Ndugu zangu, kikao cha jioni kimeahirishwa. Tulidhani mambo yametulia tangu Waziri Mkuu Sargsyan ajiuzulu tarehe 23 Aprili, kumbe bado. Jana Bunge lilimnyima Pashinyan, kiongozi wa upinzani, uwaziri mkuu, naye akaitisha mgomo wa nchi nzima. Leo, 2 Mei 2018, barabara zimefungwa, hata ile ya uwanja wa ndege wa Zvartnots. Mwenye safari atoke mapema mno na abebe begi jepesi. Watu wanakwenda kwa miguu wakiburuta masanduku.

Msitishike lakini. Hapa chini kwangu njia imezibwa kwa benchi la bustani na gari moja bovu, vijana wanacheza muziki katikati ya lami, na bibi wa ghorofa ya pili anawagawia peremende. Polisi wamesimama tu pembeni, mmoja kapokea peremende pia.

Ila sisi ni wageni. Kutazama sawa, kubeba bango hapana, tafadhali. Mkipita Uwanja wa Jamhuri muwe na pasipoti. Kila mmoja akifika nyumbani aandike “nipo”. Ujumbe wa sauti wa dakika tano tuwekeeni kesho.