Kabla hujatuambia sensa yako ya uchafu wa maji ni mbovu

Juzi tena simu: "Mlikuja mkatumbukiza kitu kwenye maji mkachukua pesa mkaenda, sasa sensa inasema 400 na maabara yetu inasema 900." Hii simu tunaipata sana sisi tunaoziwekea hesabu sensa za viwandani, hasa kutoka viwanda vinavyotumia karatasi chakavu, na huwa inaishia kwa "mmetula pesa", so leo wacha tuieleze hadharani.

Sensa yako haipimi uzito wa uchafu. Inapiga mwanga wa infraredi, nyingi ni nanomita 860 hivi, halafu inaangalia mwanga uliotawanywa na chembe zilizo majini. Zile miligramu kwa lita kwenye skrini ni hesabu tu, na hesabu hiyo tuliifanya kwa maji yako, na malighafi uliyokuwa unatumia siku hiyo. Chokaa na kaolini ya karatasi nyeupe inatawanya mwanga kuliko nyuzi za uzito uleule, halafu wino mweusi wenye kaboni unaumeza, hata huo wa infraredi.

Sasa huyu mteja. Tulimfanyia laini ya tishu nyeupe, ikakaa vizuri. Baadaye akanunua sensa ya pili kwa laini ya katoni, na kuokoa pesa akamwambia fundi wake wa umeme akopi namba za hesabu za ile ya kwanza, si maji ni maji tu? Maji ya katoni yana chokaa kidogo, nyuzi nyingi, na ni meusi, kwa hiyo sensa ikasoma chini, pampu ya polima (dawa ya kugandisha uchafu pamoja) ikafuata sensa ikamwaga kidogo, uchafu ukapita ukarudi kwenye shawa za kuosha waya (wavu ambao karatasi inaundwa juu yake), nozeli zikaziba, karatasi ikawa inakatika kila shifti. Akanunua nozeli mpya, akasimamisha mashine, ndio akatuita. Hapo bado anauliza mbona sisi ni ghali.

Ghali ni hii: tunachukua sampuli nyakati tofauti, maji yakiwa mepesi na yakiwa mazito, na kila chupa tunaandika sensa ilikuwa inasoma ngapi dakika hiyohiyo. (Kijana wa maabara akichota saa nne akalinganisha na namba ya saa mbili, hapo hakuna kitu.) Kila sampuli inapita kwenye filta ya nyuzi za kioo iliyopimwa ikiwa kavu, inaingia oveni ya nyuzi joto 103 hadi 105 mpaka uzito uache kushuka, inapimwa kwa mizani ya desimali nne. Ndio tunachora mstari wa kugeuza namba ya sensa kuwa miligramu. Ulichoona wewe ni ile dakika ya kutumbukiza tu.

Wengine wanasema tutumie chupa ya formazini (maji ya ukungu ya kupimia sensa) tumalize haraka. Formazini itakuambia sensa ni nzima, itakupa NTU (kipimo cha ukungu wa maji) safi kabisa, lakini miligramu za maji yako haizijui.

Na tafadhali, msasa hapana! Kuna mahali fundi alisugua kioo cha sensa kutoa magadi (ukoko), kikabaki na mikwaruzo, sensa ikawa inaona uchafu hata kwenye maji ya kunywa, na kichwa kizima kikabadilishwa. Magadi ya chokaa loweka kwenye asidi ya sitriki nyepesi yatatoka yenyewe, ute ufute kwa sponji laini. Pia usifunge sensa juu ya bomba, hewa inakaa pale, na kila povu kwa sensa ni uchafu. Ukiwa na tangi la kupandisha uchafu juu kwa viputo vya hewa ndio kabisa, pitisha maji kwanza kwenye kindoo cha kutoa povu.

Wanaomwaga maji nje wajue kanuni za ubora wa maji za Kenya za 2006 ziliweka mwisho wa miligramu 30 za chembe kwa lita. Namba ndogo hivyo, mstari wa kukopi haukusaidii.

Ukibadilisha malighafi, tupigie kabla hujaanza. Mteja wa zamani hatumtozi kama kazi mpya, analipia sampuli na usafiri.