Kabla Sijatia Sahihi

Rafiki yangu mpendwa,

Salamu nyingi, na uniwie radhi kwa kimya cha wiki tatu, maana barua hii nimeiandika na kuichana mara mbili. Umeniomba nitie sahihi ombi lako la kuanza majaribio kwa binadamu. Picha zako za PET, zinazoonyesha mahali kemikali yenye mionzi iliyodungwa inapokusanyika mwilini, nimezitazama sana, hasa ile ambayo uvimbe wa panya unang'aa kama kaa la moto, lakini kabla ya pongezi nina swali: panya huyo alipashwa joto?

Usinicheke. Mwaka wangu wa kwanza maabara niliona doa kali kati ya mabega ya panya, nikatangaza kwa kishindo kwamba saratani imesambaa. Bi Mkubwa wetu wa maabara, unavyomjua, hakujibu. Aliligusa tu kasha ambamo panya alisubirishwa saa nzima baada ya sindano, nalo lilikuwa baridi kama jiwe la kisimani. Shahamu ya kahawia, yale mafuta ya mwilini yanayozalisha joto, ilikuwa imefyonza sukari yenye mionzi ili kumtia joto mwenyewe. Nilikuwa nimepiga picha ya baridi.

Najua utaniambia kwamba hata panya akitunzwa vizuri bado si mtu, na hapo tunakubaliana: ana gramu 25 hivi, moyo wake hupiga zaidi ya mara 500 kwa dakika, na mashine yake huona vitu vya milimita moja ambavyo ile ya hospitali ingevichanganya. Tena huweza kutudanganya kwa upande wa pili. Ile kemikali ya PET iitwayo ya Pittsburgh ilionyesha amiloidi, protini inayoganda ubongoni, katika ubongo wa wagonjwa wa Alzheimer, matokeo yakachapishwa mwaka 2004, ilhali panya waliobadilishwa jeni, ambao ubongo wao ulijaa amiloidi, hawakuonyesha karibu chochote mwaka uliofuata. Angengojwa panya atoe ruhusa, sijui tungekuwa wapi. Ila hilo halikuondolei wewe deni la kasha.

Basi niambie: waliwekwa katika nyuzi ngapi, na kabla ya sindano walifungishwa kula kwa saa ngapi? Aliyezisoma picha alijua ni panya yupi aliyepewa dawa? Na wale wawili ambao hawamo kwenye jedwali, walikufa au hawakung'aa?

Wako daima,
Mwenzio wa zamu za usiku