Kaka, ile santuri ya mzee haikuwa makelele

Shikamoo kaka.

Simu zangu hupokei, kwa hiyo naandika hapa. Wanao watakusomea.

Jana usiku nimeisikiliza tena albamu ya Machine Head ya Deep Purple, ile bendi ya rock ya Uingereza, mwanzo mpaka mwisho, taa nimezima. Siku ya arobaini ya baba uliiita makelele, mbele ya wajomba na majirani, nami nikanyamaza kwa sababu shughuli ilikuwa ya mzee. Sasa nakujibu.

Unaukumbuka wimbo wa kwanza, Highway Star, unavyoanza. Besi na gita vinatoka chini, vinakokota, vinazidi kukaza, halafu Ian Gillan anapasua kwa ile sauti yake. Baba akisema hivyo ndivyo injini ya meli inavyoamka, naye alikaa chumba cha injini miaka mingi, alijua anachosema. Kisha kinaingia kinanda cha Jon Lord. Watu wakiitaja Deep Purple humtaja Ritchie Blackmore na gita lake, nami simpunguzii kitu, lakini kwangu moyo wa albamu hii ni Lord. Kinanda chake cha Hammond alikipitisha kwenye amplifaya za Marshall, zile za magita, ndiyo maana kinanguruma badala ya kuimba kama cha kanisani. Mtu anayesikia makelele pale hajakaa chini akasikiliza.

Na wewe ulikaa! Tulikaa wote wawili, kwenye mkeka, baba akiifuta santuri kwa kipande cha kanga ya mama, akiweka ile shilingi juu ya mkono wa mashine ili sindano isiruke. Alitusimulia ule moto kama vile alikuwepo. Desemba 1971, Montreux, Uswisi. Deep Purple wamefika kurekodi kwenye kasino ya mji, wamekodi studio ya kwenye lori ya bendi ya Rolling Stones. Tarehe 4 mwanamuziki Frank Zappa anapiga pale, mtu mmoja ndani ya ukumbi anafyatua bastola ya fataki, ile ya kuombea msaada baharini, dari linashika moto. Watu walitoka salama, Claude Nobs, mwandaaji wa maonyesho ya pale, akiwavuta vijana nje, lakini kasino ikateketea na moshi ukatanda juu ya ziwa. Baba alikuwa akifika hapo anatikisa kichwa: fataki ndani ya nyumba!

Wakahamia ukumbi mwingine, polisi wakaja kwa sababu ya kelele. Mwisho wakaangukia hoteli iliyofungwa kwa majira ya baridi, wakapanga magodoro kwenye korido ili sauti isitapakae. Kufika kwenye lori kusikiliza walichorekodi ilikuwa safari ya kuzunguka vyumba na kuruka vibaraza, mpaka wakaacha kwenda. Walipiga, wakaamini, wakaendelea. Ndiyo maana albamu inasikika kama watu watano ndani ya chumba kimoja. Hakuna kilichopakwa rangi.

Ina udhaifu wake, sikatai. Never Before ni wimbo wa kawaida, na ndio waliouchagua kuutanguliza sokoni mwaka 1972. Smoke on the Water, ule wa moto wenyewe, hawakuutarajia mengi, kumbe mwaka uliofuata ukapanda mpaka nafasi ya 4 Marekani.

Sasa niseme lililonileta. Siku ile ya arobaini nilitoka uani nikakukuta mlangoni na yule kijana wa mkokoteni wa vyuma chakavu. Mashine ilishapakiwa. Boksi la santuri lilikuwa mikononi mwako, na hiyo Machine Head ndiyo iliyokuwa juu, jaladani zile nyuso zilizopindapinda kama unavyojiona kwenye ubavu wa sufuria mpya. Nikasema kaka, hiyo niachie. Ukampa boksi lote, ukapokea elfu saba, ukanigeukia: "Vitu vya mzee vinamhusu aliyekuwa akimgeuza kitandani."

Kaka, maneno yale yamekaa kifuani mwaka wa tatu huu. Nakushauri kama mdogo wako: hasira za msiba usizimalizie kwenye vitu, vitu havirudi. Mimi nilikuwa Muscat, si kwa starehe. Dawa zilinunuliwa kwa pesa gani? Kile kitanda cha kukunja nani alituma? Nililala watu sita chumba kimoja ili baba asikose, na tiketi niliomba mara mbili nikanyimwa ruhusa. Unajua. Nilikupigia usiku ule nikalia, ukaniambia usije, tuma hela. Basi kwa nini ulisema vile mbele ya watu?

Ulimgeuza, ulimwogesha, ulimlisha kwa kijiko. Sikuwahi kukushukuru sawasawa, na ningekushukuru siku ile ile kama ungeniacha nifungue mdomo.

Kwenye wimbo wa Lazy, pale Lord anapoanza peke yake, santuri yetu ilikuwa na mkwaruzo. Ule uliokufanya uchapwe wewe kwa ajili yangu. Hii ya kwenye simu ni safi, lakini ikifika pale bado nanyoosha mkono.

Ile shilingi mama anasema ilibaki dirishani, sebuleni. Kama ipo, usiitupe. Nakuja mwezi wa nane.