Barua kwa Wakesho: luteni aliyebaki Maktau

Voi, Taita Taveta

Mpendwa Wakesho,

Salamu nyingi kutoka nyumbani. Sisi hatujambo. Mama yako nilimwona sokoni Jumamosi, ana afya njema, ila analalamika kwamba simu zako huingia usiku akiwa keshalala. Jirekebishe, dada.

Leo nataka kukueleza habari za mtu mmoja wa huko uliko. Uliniambia treni yako ya kazini hapo Melbourne, Australia, hupita Collingwood. Basi hapo Collingwood, mwaka 1885, alizaliwa mwanamume ambaye kaburi lake liko hapa kwetu Voi, katika yale makaburi ya vita ambayo utotoni tulikuwa tukiyapita tu bila kuingia. Safari hii niliingia, nikasoma majina jiwe kwa jiwe, nikafika kwake. Jina, cheo cha luteni, tarehe 3 Septemba 1915, na herufi mbili baada ya jina: V.C. Herufi hizo ndizo zilizonifanya nisimame, maana huo ni Msalaba wa Viktoria, nishani ya juu kabisa ya ushujaa vitani katika jeshi la Uingereza. Nikarudi nyumbani nikaanza kusoma habari zake, na tangu hapo hanitoki akilini.

Anaitwa Dartnell. Vitabu vingine humwita Wilbur, vingine William. Alikuja na batalioni ya 25 ya Royal Fusiliers, kikosi cha jeshi la Uingereza, wale waliojiita Frontiersmen, walioshuka Mombasa mwaka 1915. Walikuwa mchanganyiko wa watu waliozunguka dunia. Frederick Selous, yule mwindaji ambaye jina lake lilipewa mbuga kubwa ya wanyama kule Tanzania, alikuwa mmoja wao, na alikuwa amevuka miaka 60. Dartnell alikuwa na miaka 30.

Na vita vyenyewe, Vita Kuu ya Kwanza ya Dunia, vilikuwa hapa hapa, Wakesho. Shuleni tulifundishwa vita vya Ulaya, mahandaki ya Ufaransa, tukakariri, lakini hatukuambiwa kwamba Agosti 1914 Wajerumani waliiteka Taveta, wakawa wanavuka nyika kwa miguu kutoka upande wa Kilimanjaro, uliokuwa koloni lao, kuja kulipua reli ya Mombasa na Uganda. Waingereza nao wakajenga reli kutoka Voi kuelekea Taveta ili wasukume majeshi mbele, na Maktau ikawa kambi kubwa. Ile reli unayoikumbuka, iliyojaa nyasi, tuliyokuwa tukitembea juu yake kwenda kwa shangazi Mwatate, ilizaliwa na vita hivyo. Unaijua nyika ya Maktau: miiba, jua, vumbi jekundu, na maji ya kutafuta kwa shida. Doria za wapanda farasi zilitoka kambini kuwawinda walipuaji wa reli kabla hawajarudi kwao.

Tarehe 3 Septemba 1915, karibu na Maktau, doria ya Dartnell ilikutana na adui, na mapigano yakawa ya karibu mno, hatua chache tu kati ya pande mbili. Waingereza wakalazimika kurudi nyuma. Dartnell alikuwa amepigwa risasi mguuni, na wenzake walikuwa tayari wanambeba kumtoa. Akaona kwamba wale waliojeruhiwa vibaya zaidi hawawezi kuchukuliwa. Akashikilia aachwe. Alitumaini kwamba yeye akibaki pale huenda wangepona. Wakamwacha, naye akafa pamoja nao. Tangazo la nishani yake lilitoka Desemba mwaka ule ule.

Nimelisoma tangazo hilo mara nyingi. Lina sentensi inayoniuma: linasema alijua kwamba askari weusi wa adui huwaua majeruhi. Ndivyo walivyoandika wakati ule. Lakini wewe na mimi tunajua kwamba weusi walikuwa pande zote mbili, wakiamrishwa na maafisa Wazungu pande zote mbili, na hakuna aliyewauliza kama wanataka vita hivyo. Hilo sitalinyamazia. Hata hivyo, nikishayaweka kando maneno ya waandishi, tendo la mtu mwenyewe linabaki palepale. Nimesoma habari za watu wengi waliopewa nishani kwa kuua, kwa kuteka bunduki au ngome. Huyu alipewa kwa kukataa kuondoka. Njia ya kupona alikuwa nayo, mabega ya kumbeba yalikuwepo. Nikakufikiria wewe na zamu zako za usiku wodini, ulivyowahi kuniambia kwamba mgonjwa anayekufa humwachi peke yake hata kama saa zako zimekwisha. Ungemwelewa huyu mtu kuliko mimi.

Sasa nikwambie kinachonisumbua hasa. Makaburi yale yanatunzwa vizuri, majina yanasomeka, na ndivyo inavyostahili. Lakini nje ya ua, kwenye vichaka, wamelala wapagazi wa jeshi, Waafrika waliobeba risasi, chakula na majeruhi, wakafa kwa kuhara, malaria na uchovu. Hawana jiwe wala jina. Mbunge wa Uingereza, David Lammy, alikuja Voi kuliona jambo hilo kwa macho yake, na filamu yake ikaonyeshwa kwenye televisheni mwaka 2019. Baada ya hapo Tume ya Makaburi ya Vita ya Jumuiya ya Madola ikafanya uchunguzi, na mwaka 2021 ikakiri kwamba watu wasiopungua 116,000, wengi wao wa Afrika Mashariki na Misri, hawakukumbukwa kwa majina au hawakukumbukwa kabisa, na kwamba idadi hiyo inaweza kufika 350,000. Waziri wa Ulinzi wa Uingereza akaomba radhi bungeni. Haikuwa bahati mbaya, Wakesho. Iliamuliwa. Gavana wa Tanganyika baada ya vita, Horace Byatt, alitaka makaburi ya wapagazi yaachwe yarudi kuwa msitu upesi iwezekanavyo.

Wapo wanaosema basi hao Wazungu nao wasahauliwe, tusiwatunzie mawe. Mimi sikubali. Nikisimama mbele ya kaburi la Dartnell naona mtu aliyesema majeruhi wasiachwe nyuma. Ukilitunza kaburi la mtu wa namna hiyo halafu ukawaacha vichakani waliobeba majeruhi wake, hujamheshimu hata yeye. Jiwe lake lenyewe linadai wale wengine nao waitwe kwa majina. Ile sanamu ya askari pale Mombasa inasema wapagazi walikuwa miguu na mikono ya jeshi, maneno mazuri, lakini hakuna jina hata moja la mpagazi juu yake.

Kwa hiyo nina maombi mawili. La kwanza, ukipata likizo, fika Canberra. Msalaba wa Dartnell umehifadhiwa katika jumba la kumbukumbu za vita la Australia. Ukiuona, waambie walio karibu nawe kwamba unatoka mahali alipozikwa, na uwasimulie pia habari za walio nje ya ua. Watu wa kwao wana haki ya kujua yote mawili.

La pili ni la nyumbani kwenu. Mama yako aliniambia kwamba baba wa babu yako alichukuliwa kariakoo, yaani upagazi wa jeshi, kutoka milimani na hakurudi. Alilitaja jina lake, lakini jina la ukoo na kijiji alikotoka hana hakika navyo, akasema wewe ndiye uliyekuwa ukikaa na bibi jioni na kusimuliwa. Niandikie kila unachokumbuka: jina, ukoo, kijiji, aliyechukuliwa pamoja naye, hata kama ni vipande vipande. Tume imesema itaendelea kutafuta majina yaliyopotea, nami nimeanza kuyakusanya ya hapa kwetu kwenye daftari. La kwenu nataka liingie kabla wazee waliobaki hawajatutoka.

Wasalimie watoto, na uwaambie shangazi yao wa Voi anawapenda.

Wako,
Mghoi