Kwa vijana wetu mnaozipenda harusi za kifalme

Wanangu,

Salamu nyingi. Nawasikia mkibishana juu ya wafalme wa Ulaya wa karne ya 18, na kila mara yupo wa kusema, "Lakini wale wote walikuwa ndugu." Kweli, walikuwa ndugu. Ombi langu ni moja: mkiishika chati ya ukoo wao, isomeni kama daftari la mikataba, kisha muulize nani alilipa.

Anzeni Vienna, mji mkuu wa Austria, kwa Maria Theresa, mtawala wa nchi hiyo na mama wa watoto 16. Ilitakiwa posa kati ya nyumba yake na Ferdinand, mfalme wa Napoli huko Italia, mtoto wa mfalme wa Hispania. Akachaguliwa binti yake Johanna, ndui ikamuua mwaka 1762. Posa ikahamia kwa dada yake, Josepha. Oktoba 1767, safari imeshaandaliwa, ndui ikamchukua naye, ana miaka 16. Hapa someni polepole: posa haikuvunjika. Lililobaki kujadiliwa ni dada yupi atafaa. Amalia alimzidi bwana harusi miaka mitano, basi akapelekwa Carolina, wa miaka 15. Aprili 1768 ndoa ikafungwa Vienna bwana harusi hayupo. Kaka yake binti ndiye aliyesimama mahali pake.

Mdogo wao Marie Antoinette mnamjua. Austria na Ufaransa, mahasimu wa siku nyingi, zilipatana 1756, na mwaka 1770 binti huyo wa miaka 14 akaozwa mrithi wa taji la Ufaransa kuutia muhuri upatano huo. Alikabidhiwa kwenye kisiwa cha mto Rhine, karibu na Strasbourg, akabadilishwa nguo akavaa za Kifaransa. Mtoto wa kwanza akaja 1778, na miaka yote hiyo mama alikuwa akimhimiza kwa barua, huku Mercy, balozi wa Austria huko Ufaransa, akimpelekea mama habari za binti kwa siri. Mshenga gani huyo, jamani?

Msiniambie undugu ule haukufaa kitu. Kwa zaidi ya miaka 30 nchi hizo mbili hazikupigana. Lakini Aprili 1792 Ufaransa ilimtangazia vita Francis wa Austria, mtoto wa kaka yake Antoinette. Oktoba ya mwaka uliofuata, shangazi mtu akakatwa kichwa Paris.

Wala msiwahurumie wote kwa kipimo kimoja. Mkataba wa Carolina ulikuwa na kifungu kwamba akizaa mtoto wa kiume ataingia baraza la mfalme. Akazaa 1775, akaingia, na mwaka wa pili Tanucci, waziri aliyekuwa ameishika nchi, akaondoshwa. Huyo, niseme ukweli, nampenda.

Anayenisumbua ni mama yao, Maria Theresa. Yeye mwenyewe aliolewa 1736 na Francis Stephen wa Lorraine, mwanamume aliyempenda. Mwaka 1766 akamruhusu kipenzi chake, Maria Christina, aolewe na Albert wa Saxony, aliyempenda, japo hakuwa na taji la kurithi. Miaka mitatu baadaye Amalia, ambaye moyo wake ulikuwa kwa mwanamfalme wa Zweibrücken, akapelekwa Parma, Italia, kuolewa na mtu asiyemtaka. Mkikutana tena, bishaneni juu ya hilo: aliyeonja ndoa ya hiari aliwanyimaje binti zake wengine, na je, Austria ya wakati ule ingemwachia nafasi ya kufanya vinginevyo?

Mzee wenu