Tuchange Tuitengeneze Njia ya Msitu wa Ngangao

Ndugu zetu wa Taita mlio nyumbani, mlio Mombasa na Nairobi, nanyi mliokwenda kutafuta riziki Ghuba, pamoja na marafiki wote wa milima yetu: hamjambo?

Masika yaliyopita yamebomoa njia ya msituni mahali patatu. Pale kwenye mteremko mkali udongo umechukuliwa wote, mizizi iko nje, na ikinyesha hapapitiki. Juzi wamekuja watoto wa gredi ya sita kutazama ndege, ikabidi warudi. Mwalimu wao alihofia wataumia, na alikuwa na haki. Tulisikitika mno, maana ndege waliokuja kuwatazama hawako popote pengine duniani.

Taita ndiyo ncha ya kaskazini ya Milima ya Tao la Mashariki, ile safu inayoendelea Pare, Usambara na Uluguru kule Tanzania. Misitu yetu imekaa juu kwenye ukungu, chini imezungukwa na nyika kavu, na kwa kutengwa hivyo tangu enzi na enzi ikapata viumbe vyake yenyewe. Kuna yule ndege mwenye kichwa cheusi na mdomo wa rangi ya chungwa, Turdus helleri kwa jina la kitaalamu, anayepekua majani makavu chini ya miti. Ukitembea polepole asubuhi na mapema utamsikia kabla hujamwona. Lakini lazima pawe na pa kutembea.

Zaidi ya nusu ya ardhi ya kaunti yetu imo ndani ya mbuga za Tsavo. Wageni huja, huona tembo, hushika barabara kuu wakaenda zao. Wachache tu hupanda zile kona hadi Wundanyi, na tukiwakosa hao, vijana wetu hawana cha kuwangojesha kijijini.

Tunahitaji shilingi 380,000. Kati ya hizo, 260,000 ni za ngazi za mawe na mitaro ya kuyaondoa maji njiani. Mawe tunayo, saruji tutaibeba wenyewe kutoka barabarani, mafundi ni wa hapa hapa. Msitu ni wa serikali, chini ya KFS, shirika la misitu la Kenya, kwa hiyo hakuna mti utakaokatwa.

Zinazobaki ni za kuwafunza vijana wanane kuongoza wageni, na hapa tunaomba mtusikilize vizuri. Kujua majina ya ndege hakutoshi. Anayempeleka mgeni milimani kwetu ajue fighi, misitu yetu mitakatifu ya jadi, ni nini, na kwa nini mapango yaliyohifadhi mafuvu ya mababu huingiwa kwa adabu, bila kugusa kitu. Ajue pia kupiga mwazindika, ngoma yetu ya jadi. Wazee wanaoijua barabara wamebaki wachache, na ngoma zao mbili ngozi zimepasuka. Wamekubali kufundisha kila Jumamosi, bila malipo, mradi wapate ngoma.

Michango inapokewa na mweka hazina wetu, taslimu au kwa M-Pesa, na kila mchangaji atapewa risiti. Asiye na pesa aje na jembe, siku moja ya kazi tutaiandika kitabuni kama mchango mwingine wowote.

Harambee ni Jumamosi ya mwisho ya mwezi huu, uwanja wa shule, saa nne asubuhi. Vaeni viatu vya kupandia, tutawaonyesha palipobomoka. Kimanga, chakula chetu cha Kitaita, kitakuwepo.